Bakteria Waliokataa Kuweka Mpaka

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara siku hizi mnaweka sampuli kwenye mashine, mnaenda kunywa chai, na mkirudi jina la mdudu limeshaandikwa kwenye skrini. Siwaonei wivu. Haya, nawaonea kidogo. Sisi wa miaka ya tisini tulikuwa na macho, pua, hadubini moja iliyofungwa kwa plasta, na kondoo.

Kondoo alikuwa wa damu. Kuna bakteria wa vidonda wanaochagua chakula, hawaoti mpaka uwachanganyie damu kwenye agari, ule uji wa mwani unaoganda kwenye kisahani. Damu ya kununua ilitoka Nairobi na ilitufikia imeharibika, kwa hiyo tulifuga kondoo nyuma ya maabara. Tulimwita Karani, kwa sababu alimtazama kila anayepita kana kwamba amechelewa kazini. Siku za kutolewa damu alinitambua kabla sijafungua mlango. Mara moja alinipiga kichwa nikakaa kwenye matope mbele ya foleni nzima ya wagonjwa, na nyanya mmoja akaniambia bila hata kucheka, "Nyar Migori, huyo anajua kazi yako kukushinda."

Nyar Migori, yaani binti wa Migori, ndilo jina walilonipa, maana nilizaliwa huko na nikaajiriwa katika hospitali ndogo upande wa Homa Bay. Jina la hospitali nitaliacha. Waliofanya kazi pale walikuwa watu wema, na haya ninayotaka kuwaeleza hayakufanywa kwa ubaya. Ndiyo maana yalinishtua vile.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Odera, mwanamume mwembamba aliyesema kwa sauti ya chini hata alipokuwa anakugombeza. Ukimsikia anapaza sauti, ujue anamwita Karani.

Asubuhi moja, nikiwa bado mgeni kazini, nilifungua kabati la joto tunamooteshea visahani, na harufu ikanipiga usoni, harufu ya samaki aliyesahauliwa juani. Nikatoa kisahani kimoja. Jana yake nilikuwa nimepaka usaha katikati tu, doa dogo kama punje ya mtama. Sasa kisahani kizima kilikuwa na utando, na utando ulikuwa na miduara, mmoja nje ya mwingine, kwa nafasi zinazolingana, mithili ya iliyochorwa kwa bikari. Nilidhani kuna mtu amefungua kabati akacheza. Nikaanza kumlaumu mama wa kufagia.

"Hakuna mtu amechora," Mzee Odera akasema. "Hawa wamejichora wenyewe. Keti uone."

Akaweka ukingo wa ule utando chini ya hadubini. Jina la kitabuni la mdudu huyo ni Proteus. Ndani ya maji kila mmoja huogelea kivyake, mfupi, akienda huku na huku bila mpango. Umweke juu ya agari, anageuka kiumbe kingine. Anarefuka, anaota mikia mingi ya kupiga makasia, na akigusana na wenzake wanalaliana ubavu kwa ubavu. Niliona makundi yao yakiteleza pamoja, yakipinda pamoja, yakizunguka, yakiachana na kujiunga na makundi mengine. Mzee aliniacha pale nikiwatazama. Baada ya muda ukingo wote ukapunguza mwendo, halafu ukasimama. Wote. Walikuwa wanapumzika na kuzaana kabla ya kusonga tena, na kila mapumziko yaliacha duara.

"Nani amewaambia wasimame?" nikauliza.

"Hakuna."

"Basi anayewaongoza ni nani?"

"Hakuna, nyar Migori. Kila mmoja anasukuma na anasukumwa na jirani yake. Ya mbali hajui. Wakishakuwa wengi na wamebanana, mwendo unatokea. Ukimtoa mmoja ukamweka peke yake hapo kwa agari, hawezi enda popote."

Nimelelewa nikijua kwamba penye mstari pana mwalimu wa zamu, na penye wimbo kanisani pana mtu wa kuanzisha. Hawa hawakuwa na kichwa, wala jicho, wala sikio, na walikuwa wanatembea na kusimama kwa utaratibu kuliko gwaride la shule yetu. Nasikia sasa kuna wataalamu wa fizikia wanaopiga hesabu za mambo haya, wakilinganisha makundi ya ndege, ya samaki na ya bakteria. Vizuri sana. Wakimaliza hesabu zao, mimi bado nitakuwa nimeshtuka.

Sasa mnisikilize kwa upande wa kazi. Proteus ni balaa maabarani kwa sababu utando wake hufunika kila kitu. Mdudu anayemuua mgonjwa anaweza kuwa chini yake na usimwone. Ukitaka kumfunga miguu, ongeza agari iwe ngumu zaidi, na ukaushe visahani vizuri, kifuniko kikiwa wazi kidogo, kabla ya kupaka chochote. Wao husafiri juu ya unyevu mwembamba sana. Ukiwa na haraka ukatumia kisahani kibichi, umewalainishia barabara. Mzee alikuwa akipitisha kidole kwenye kifuniko changu, na akikuta jasho ananirudishia kisahani.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo lilinishtua kupita la kwanza. Paka Proteus wa mgonjwa mmoja upande huu wa kisahani, na Proteus wa mgonjwa mwingine upande ule. Usiwabane, waachie nafasi ya kusafiri. Asubuhi tando mbili zitakuwa zimekutana. Kama ni wa ukoo mmoja, zinaungana, huwezi kujua huyu aliishia wapi na yule akaanzia wapi. Kama ni wa koo tofauti, wanakataana. Katikati wanaacha mstari mtupu, safi, unaouona kwa macho bila kioo chochote. Wameweka mpaka. Mzee Odera alinionyesha mstari huo akiwa anakula mhogo, kana kwamba ni jambo la kawaida, na mimi nilisimama mdomo wazi. Vitu visivyo na akili vinajua nani si ndugu yao.

Niliuchukulia kama mchezo wa kuwashangaza wanafunzi, mpaka alipokuja Akoth.

Akoth alikuwa msichana wa Rusinga aliyeolewa karibu na Magunga. Alijifungulia kwetu kwa upasuaji, mtoto akatoka salama, lakini kidonda hakikufunga. Kila siku usaha. Alikuwa mchekeshaji. Nilipokwenda kuchukua sampuli aliniuliza kama usaha wake nao unalishwa damu ya kondoo, na kama ndiyo, basi unakula vizuri kumshinda. Baadaye aliacha kutania. Homa ilikuwa ikimpanda na macho yalikuwa yameingia ndani.

Mama mkwe wake, tuliyemwita Min Otieno, yaani mama yake Otieno, kwa jina la mwanawe, alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda na mtoto mapajani. Siku moja alinifuata hadi dirisha la maabara.

"Nyar Migori, siku ya soko ikipita kijana yangu atakuja na pikapu. Tunaenda na Akoth nyumbani."

"Mama, kidonda iko wazi."

"Haitafunga hapa. Hiyo ni chira."

Kwa wasiojua, chira ni mkosi unaomshika mtu aliyevunja mwiko, akakonda, akaoza mwili, na dawa ya hospitali isimsaidie. Mwiko wenyewe Min Otieno aliueleza kwa uchungu wa kweli. Msimu ule mvua ilitangulia, na Akoth, mimba ikiwa kubwa, akapanda mahindi shambani mwake kabla mama mkwe hajapanda. Katika boma, mama hupanda kwanza, wake za wanawe wakafuata. Kila mtu alijua. Sasa walitaka akanyweshwe manyasi, zile dawa za miti za kuondoa chira.

Msimcheke. Mimi mwenyewe, na shahada yangu ya maabara ukutani, sijawahi kupanda hata kunde kabla ya mama mkwe wangu. Lakini nilijua barabara ya kwenda Magunga ilivyokuwa, na nilijua homa ya Akoth. Akipandishwa kwenye ile pikapu, hakuna mtu angemrudisha. Na akifa, angekufa akiwa na jina la mvunja mwiko, na jina hilo lingebaki kwa mtoto.

Nikaenda kwa Mzee Odera karibu nalia. Akaniuliza, "Kidonda yake inaota nini?"

"Proteus."

"Na yule Boke wa kitanda cha pili?"

Boke alikuwa Mkuria, wa huko karibu na Tanzania, naye pia alikuwa amefanyiwa upasuaji kama huo wiki hiyohiyo. Kidonda chake kilikuwa kimeanza kutoa usaha vilevile. Na kisahani chake kilikuwa na harufu ileile ya samaki.

"Waweke pamoja," Mzee akasema.

Nilikausha kisahani mpaka hata yeye akatosheka. Nikapaka wa Akoth huku na wa Boke kule. Pembeni nikaweka Proteus wa mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu aliyekuwa ameingia jana yake tu kutoka nyumbani. Siku iliyofuata nilifungua kabati nikiwa nimezuia pumzi, na si kwa sababu ya harufu. Kati ya wa yule mzee na hao wengine wawili kulikuwa na mstari mtupu, mweupe, umenyooka. Kati ya Akoth na Boke hapakuwa na kitu. Walikuwa wameungana kama maji na maji.

Msichana wa Rusinga na mama wa Kuria. Hawajawahi kuteka maji kisima kimoja. Hawaelewani lugha, walikuwa wanasemezana kwa Kiswahili cha sokoni. Na mdudu wao ni wa ukoo mmoja.

Nikakimbia na kisahani wodini. Min Otieno akakitazama kwa makini, akasikiliza maelezo yote, halafu akasema:

"Labda ni Akoth amempatia huyo mwingine. Chira imemfanya mdhaifu, mdudu akaingia, akaruka kwa jirani. Hiyo sahani yako haijasema ametoka wapi."

Na ni kweli, haikuwa imesema. Mzee Odera nilipomweleza alitabasamu, akasema huyo mama angepata kazi kwetu.

Tukaanza kutafuta ametoka wapi. Nilipitisha vijiti vya pamba kwenye kila kitu cha wodi ile. Beseni, mikasi, shuka, vitasa vya milango, mikono ya wauguzi, hata mikono ya Sista Konsolata, mkuu wa wodi, ambaye wodi yake ilimeta hadi ukaona aibu kuikanyaga. Alininyooshea mikono yote miwili kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha. Alikuwa anataka jibu kuliko mimi. Vidonda vile aliviosha yeye mwenyewe kila asubuhi, hakumwachia mwanafunzi.

Visahani vyote vikarudi na wadudu wa kawaida, au bila kitu. Siku ya soko ilikuwa kesho yake.

"Ni nini hujapima?" Mzee akaniuliza.

"Nimepima yote. Imebaki dawa ya kuoshea tu."

Akaacha kufuta miwani.

"Lakini hiyo ni dawa," nikasema. "Inaua wadudu."

"Umeipima?"

Niliona ni kupoteza muda, lakini nilikwenda. Chupa ilikuwa juu ya toroli ya vidonda, kubwa, ya kioo, dawa yake ya manjano ikiangaza, na kizibo kimevishwa kitambaa alichokishona Sista mwenyewe. Mzee alinifundisha la kufanya: tone moja tu, kwenye mchuzi mwingi wa kuoteshea, ili dawa ipungue makali na mdudu aliyejificha apate nafuu. Kwa upande mwingine nikachukua tone la mtungi wa stoo ambao haujafunguliwa bado.

Asubuhi mchuzi wa mtungi wa stoo ulikuwa safi. Mchuzi wa chupa ulikuwa mzito kama maji ya kuoshea mchele. Nikaweka tone chini ya hadubini. Walikuwa wamejaa. Walikuwa wanaogelea.

Vijana, nimeona mengi katika kazi hii, lakini sijawahi kupigwa na butwaa kama pale. Wadudu walikuwa wanaishi ndani ya dawa ya kuwaua.

Ilitokeaje? Dawa ilikuwa adimu. Sista Konsolata, aliyelelewa kutomwaga kitu, hakuiacha chupa ikauke. Ikishuka, aliongeza mpya juu ya iliyobaki, na ndivyo alivyowafundisha wote. Hakuna aliyewahi kuimaliza chupa na kuiosha. Ndivyo mama zetu wanavyofanya na kibuyu cha maziwa ya mgando: unabakisha kidogo chini ili yaamshe mapya. Aliyeingia mle akiwa dhaifu alikufa. Aliyevumilia kidogo alibaki chini, akazaa wanaovumilia zaidi, na kila tulipoongeza dawa tulikuwa tunawachagua walio wagumu.

Niliwapaka wa chupa mkabala na wa Akoth. Pikapu ilikuja siku ya pili yake, na Otieno alikuwa tayari amelaza godoro nyuma, nilipotokea mbio na kisahani mkononi. Nilikuwa sijakiangalia hata mimi. Tulikiangalia pamoja, mimi, Sista Konsolata na Min Otieno, hapo kwenye ngazi za wodi.

Hapakuwa na mpaka. Utando mmoja, ukingo hadi ukingo.

"Upande huu ni wa Akoth," nikasema. "Upande huu ni wa dawa."

Min Otieno akakichukua kisahani mkononi mwangu. "Basi huyu mdudu ni wa hapa."

"Ni wa hapa, mama."

"Na mlikuwa mnamwosha Akoth na hiyo dawa."

Sista Konsolata ndiye aliyejibu. "Kila asubuhi. Na mikono yangu."

Nilitarajia matusi. Ningeyapokea. Min Otieno akamgeukia mwanawe, akamwambia kwa Dholuo arudishe godoro lilikotoka. Halafu akasema kuanzia siku hiyo maji ya chumvi atayachemsha yeye, na mtu yeyote asimguse Akoth kwa kitu kilichotoka kwenye chupa. Daktari alibadilisha sindano kufuatana na majibu yetu, chupa zote zikachemshwa, na vidonda vya Akoth na Boke vikaanza kufunga. Akoth alipopata nguvu ya kutania tena, aliuliza kama Karani naye amepimwa.

Lakini pale kwenye ngazi Min Otieno hakuwa amemaliza. Alikuwa bado ameshika kisahani.

"Na Auma?" akauliza.

Sikuelewa. Sista alielewa, nikaona uso wake ukigeuka.

"Auma wa kwetu Magunga. Alilala hapohapo kwa kitanda ya Akoth. Kidonda ilikataa kufunga, watu wake wakamchukua. Nilienda matanga yake. Sisi wote tulisema ni chira. Mimi pia nilisema."

Hatukuwa na sampuli ya Auma. Sheria ya maabara ni kwamba usiseme usichopima, na mimi nilianza kusema hivyo, kwa kigugumizi. Sista Konsolata alinikatiza. Alisema yeye anakikumbuka kidonda kile, na harufu yake, na chupa ilikuwa ileile.

Tulikwenda Magunga watatu, Min Otieno akituongoza. Baba mkwe wa Auma alitupokea uani, akatuketisha. Sista alisema wazi, bila kujitetea, kwamba msichana yule hakuvunja kitu. Kwamba walimwosha kwa dawa iliyooza. Mimi niliongeza la sahani, nikisema pia kwamba sina kipimo chake. Mzee yule alisikiliza akitazama chini. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

Alipoinua uso aliuliza kama tuna haraka. Tukasema hatuna. Basi akamtuma mkewe kwa watu wa upande wa Auma, walikompeleka mtoto wake, kwa kuwa hapo nyumbani waliogopa kumlea mtoto wa chira. Tulingoja hadi jua likapita utosini. Mkewe alirudi na mtoto mgongoni, msichana, hajaanza kutambaa vizuri, amelala. Mzee akamwamsha, akamkalisha gotini, akamfuta uso kwa shati lake.

"Sasa mseme tena," akatuambia. "Pole pole. Huyu akiwa hapa."

Sista Konsolata akapiga magoti mbele ya yule mtoto na kuanza upya.